Kabla hamjachangishana kununua laptopu mpya, fungueni ile ya zamani

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu mnyauko wa viazi, lakini nimeuahirisha. Kuna ugonjwa mwingine umeingia kwenye vikundi vyetu, na kwa hesabu zangu unakula fedha haraka kuliko mnyauko. Laptopu ya kikundi inaanza kuchelewa kuwaka. Kikao kinaitishwa. Mtu anasimama, mara nyingi kijana aliyetoka mjini juzi, anasema "hii imeshazeeka, tununue mpya". Watu wanapiga makofi, na fedha inatoka kwenye mfuko wa mbolea.

Nasema wazi, na wanaouza laptopu Njombe mjini na Makambako wanisamehe: mara nyingi uamuzi huo ni hasara tupu, na nyinyi mnaoupitisha ni watu wale wale ambao hamwezi kutupa bomba la kupulizia dawa kwa sababu ya washa moja iliyolika.

Hebu niwape kisa. Kikundi kimoja cha viazi na parachichi, upande wa barabara ya Njombe kwenda Makambako, kiliniita niwasaidie kuchagua laptopu mpya. Walikuwa wameshatenga shilingi 950,000. Mweka hazina, mama mtu mzima anayejua hesabu zake, alinipokea na karatasi ya bei mkononi.

"Bwana shamba, tuambie tu ipi nzuri hapa."

"Mama, naomba kwanza nione ya zamani."

"Ya nini tena, bwana shamba? Hiyo imeshakufa."

Ikaletwa, imefungwa kwenye khanga. Nikaiwasha. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inateseka. Mpaka daftari la wanachama lifunguke kwenye skrini, mama alikuwa ameshachemsha chai na kuimimina. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha linaloonyesha kazi za kompyuta. Nanyi fanyeni hivyo hivyo nyumbani leo. Kwenye safu ya diski palikuwa pameandikwa asilimia 100, na hapakutoka hapo kwa muda mrefu. Kichwa cha kompyuta chenyewe, yaani prosesa, kilikuwa kinatumika kidogo tu. Maana yake akili ipo, miguu ndiyo imechoka.

Laptopu nyingi za miaka ile zilikuja na diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kijisindano kinachopita juu yake kutafuta kilichoandikwa. Sasa chukua kifaa hicho, kitie kwenye begi, panda bodaboda kutoka Lupembe mpaka Njombe mjini wakati wa mvua, rudi nacho jioni, fanya hivyo miaka saba. Ungekuwa wewe ungechoka. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kwenye laptopu nyingi za aina hiyo inaingia palepale ilipotoka ile ya zamani, kwa bisibisi na uvumilivu.

Tulimpeleka mgonjwa kwa fundi. SSD ya GB 240 shilingi 75,000. RAM ya kuongezea, GB 4 juu ya 4 zilizokuwepo, shilingi 35,000. Kazi ya fundi pamoja na kusafisha feni na kupaka upya gundi ya joto, 20,000. Jumla 130,000. Hizo ni bei walizolipa wao siku ile. Vifaa hivi vinapanda na kushuka, hasa RAM, kwa hiyo usiende dukani ukamgombeza mtu kwa jina langu. Lakini angalieni ukubwa wa pengo. Tuseme matengenezo yale yanawapa miaka miwili tu, na mimi natarajia zaidi. Ni shilingi 65,000 kwa mwaka. Ili laptopu ya 950,000 iwe na gharama hiyo hiyo kwa mwaka, ingebidi iishi zaidi ya miaka 14. Nani kati yenu amewahi kuona laptopu ya miaka 14 ambayo haijafunguliwa na fundi?

Najua mtasema bwana shamba anaongea kwa sababu fedha si yake. Basi sikilizeni ya kwangu. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilifanya ujinga huu huu. Laptopu yangu ilichelewa, nikakasirika, nikaingia dukani, duka silitaji, nikatoka na laptopu mpya, nyembamba, nyepesi, boksi linanukia upya. Muuzaji aliniambia "mpya ni mpya, mzee". Sikuuliza chochote. Ilikuwa na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, vyote vimechomelewa kwenye bodi. Windows peke yake ilimeza sehemu kubwa ya hifadhi ile. Kila sasisho lilipokuja liliniambia nafasi haitoshi. Nilifuta picha za mashamba, nikafuta fomu za tathmini, mwishowe nikawa nafanya kazi na flashi kiunoni kama mganga na tunguri zake. Nilipoipeleka kwa fundi aongeze RAM, aliifungua, akaitazama, akaifunga. "Hapa hakuna pa kuingiza kitu." Ile ya zamani nilikuwa nimempa mpwa wangu. Akaitia SSD, akasomea chuo miaka mitatu.

Ndiyo maana neno "mpya" linanitia hasira. Kuna mpya iliyozaliwa imezeeka. Ile lumbesa tunayoipigia kelele kwenye magunia ya viazi ipo pia dukani, ila huko wanaijaza kwenye boksi zuri: rangi, wembamba, stika inayong'aa, na ndani kilo pungufu. Ufaransa, tangu Januari 2021, laptopu inayouzwa lazima iwe na alama, kuanzia 0 hadi 10, inayomwambia mnunuzi jinsi inavyotengenezeka ikiharibika. Huku kwetu hatuna alama hiyo, lakini swali tunalo, nalo halilipiwi: "Ndugu, hii RAM inaongezeka? Diski inatoka?" Muuzaji akianza kuzungumzia uzuri wa skrini, umeshajibiwa.

Wenye miparachichi ya kienyeji wananielewa haraka zaidi hapa. Mti wako wa zamani, shina nene, mizizi imeshika, unazaa matunda ambayo mnunuzi wa nje hayataki. Unafanyaje? Wapo waliong'oa, wakapanda miche, wakasubiri. Na wapo waliokata juu, wakauacha mti uchipue, wakabebesha vikonyo vya Hass. Mizizi ni ile ile, juu ni mti mwingine. SSD na RAM ni vikonyo hivyo. Ila mimi siwaambii mbebeshe kwenye mti uliooza mizizi, na hapo ndipo inabidi niwe mkweli, kwa sababu wapo pia mafundi na wazee wabahili ambao hawatupi kitu mpaka kiwaungue mkononi.

Laptopu iliyomwagiwa chai au ulanzi ikafika kwenye bodi, ikatengenezwa, ikafa tena, iacheni. Fundi akiifufua mara ya tatu anafufua mapato yake. Laptopu ambayo bawaba zimevunjika, skrini ina mistari, kibodi inaruka herufi na betri imekufa, vyote kwa pamoja, msiitengeneze kipande kimoja kila mwezi kwa kujidanganya kwamba kila kipande ni fedha kidogo. Jumlisheni kwanza. Na ile yenye RAM ya GB 2 isiyoongezeka, hiyo hata ikipona haina kazi.

Watu wananiuliza kikomo. Wengi wamesikia kanuni ya nusu, kwamba ukifika nusu ya bei ya mpya uachane nayo. Siikubali. Inalinganisha na kitu kisicho sahihi. Anayetengeneza hashindani na laptopu mpya ya dukani. Anashindana na laptopu nzuri ya mtumba, zile za maofisini zinazoingia nchini kwa wingi, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook. Hizo zilijengwa zifunguliwe. Uliza bei ya mtumba mmoja mzuri, gawa kwa tatu. Matengenezo yakiwa chini ya theluthi, tengeneza. Yakizidi, nunua huo mtumba. Kikundi kile kiliambiwa mtumba mzuri ni 450,000. Theluthi yake 150,000. Wao walitumia 130,000. Ilikuwa karibu na mstari, nakiri, na kama bawaba nayo ingehitaji kubadilishwa siku ile, ningewaambia wanunue.

Sasa hoja kali ya upande wa pili, maana wauzaji wanayo na si ya uongo. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo nimesikia watu wakiambiwa kwamba laptopu zao "zimefungiwa". Hazijafungiwa. Zinawaka, zinachapa, zinafungua Excel kama jana. Kilichobadilika ni kwamba mlango ukigundulika una tundu, hakuna anayekuja kuuziba, na kwa kompyuta inayoingia kwenye intaneti na inayobeba namba za wanachama na mikopo yao, hilo si jambo la kupuuza.

Angalia basi prosesa yako. Fungua mipangilio, nenda mahali panapoeleza kuhusu kompyuta, soma jina. Ikiwa ni Intel Core, tazama namba inayofuata kistari. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-3320M ni cha 3. Kuanzia cha 8 kwenda juu, kwa kawaida Windows 11 inakubali, na kuhama kutoka 10 halali ni bure. Walio chini ya hapo wana njia mbili ninazoziamini. Microsoft wenyewe wametoa muda wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha, mpaka 13 Oktoba 2026. Hiyo ni pumzi ya kumaliza msimu, si dawa. Njia ya pili ni kuweka Linux Mint pamoja na LibreOffice, vyote vya bure. Faili zenu za Excel zinafunguka humo, ila kitabu chenye fomula nyingi kijaribuni kwanza kabla ya kufuta cha zamani. Mtalalamika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu mtasahau. Njia ambayo siiamini ni ile ya fundi kukuwekea Windows ya wizi kwa shilingi elfu kumi. Anayevunja kufuli hajulikani alichoacha ndani ya nyumba.

Mwenzangu mmoja wa kazini ananiambia nawarudisha wakulima nyuma, dunia inakwenda mbele, na mimi nafundisha kushona viraka. Namwuliza: kikundi kinafanya kazi gani kwenye kompyuta? Daftari la wanachama, kilo zilizopokelewa, mikopo na marejesho, barua kwa halmashauri, fomu za mtandaoni, WhatsApp ya mnunuzi. Kazi hizo laptopu ya mwaka 2015 ilizifanya, na kilo ya viazi haijaongezeka gramu tangu wakati huo. Kijana anayehariri video za harusi pale Makambako, huyo anunue mashine kubwa, ndiyo jembe lake. Mweka hazina wa kikundi hana haja nayo.

Na hapa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko bei. Katika kikao kile chote, watu zaidi ya ishirini walijadili laptopu ipi inunuliwe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kilichomo ndani ya ile ya zamani. Ndani yake kulikuwa na kumbukumbu za mikopo ya misimu mitano. Kulikuwa na majina na namba za usajili za wanachama, zile ambazo tangu ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Agosti 2022 zimekuwa na thamani kama kitambulisho. Nakala ya pili haikuwepo popote. Wangenunua mpya, ile "iliyokufa" ingewekwa stoo juu ya magunia, panya na umande wangemaliza kazi, na msimu unaofuata watu wangeanza kubishana nani anadaiwa shilingi ngapi. Nimeona kikundi kikivunjika kwa ubishi wa namna hiyo. Haikuwa wizi. Ilikuwa diski.

Nchi nzima iliwahi kuumia kwa kompyuta na kumbukumbu. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu zilipowashinda, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilichelewesha mambo mengi. Huwa nawakumbusha vijana wanaodhani mashine ikiwa mpya basi hesabu zitajipanga zenyewe.

Kwa hiyo laptopu ikianza kuchelewa, kabla ya fundi, kabla ya kikao, toeni nakala. Moja kwenye flashi ibaki kwa mwenyekiti, nyingine kwenye diski ya nje kwa katibu, na kama mna bando, ya tatu mtandaoni. Diski ya kuzunguka inayokaribia kufa mara nyingi hupiga kelele: tik, tik, tik. Ukisikia hivyo usiendelee kuchapa barua, hamisha faili. SSD haipigi kelele. Inaamka asubuhi moja imenyamaza. Sisemi msinunue, nasema nakala hazina likizo.

Kwa fundi nendeni wawili, na mmoja awe mwanamke aliyezoea soko. Sina ugomvi na mafundi, wapo Makambako mafundi ambao ningewapa funguo za nyumba. Lakini sentensi "bodi imekufa" ni rahisi kutamka na ngumu kukagua. Mwombe akuonyeshe. Mwambie vifaa vilivyotolewa unavirudisha nyumbani, na ile diski ya zamani usimwachie kabisa, ina siri za kikundi. Andika namba ya RAM iliyomo kabla hujaiacha laptopu, maana zipo zilizoingia na GB 8 zikatoka na 4. Dai risiti na muda wa garantii kwa maandishi. Kwa SSD, kama muuzaji hakubali hata mwezi mmoja wa kukubadilishia, anajua anachouza.

Mkiamua kununua mtumba, iwasheni palepale dukani, muichape nusu saa. Ondoeni chaja muone betri inashuka vipi. Jaribuni kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, intaneti. Fungueni na kufunga skrini mara kumi. Mama mmoja aliniambia anaona aibu kumsumbua muuzaji. Mama, wewe ndama unamfungua mdomo ukaangalia meno, halafu kompyuta ya laki nne na nusu unaona aibu?

Mengine ni ya hapa kwetu na hakuna kitabu cha maelekezo kitakachowaambia. Mwezi wa sita na wa saba Njombe baridi inakaa mpaka ndani ya chuma. Ukitoka nje na laptopu ya baridi ukaingia chumba chenye jiko la mkaa na sufuria inachemka, unyevu unajishika ndani yake kama umande kwenye majani ya chai. Iache ndani ya begi saa moja kabla ya kuiwasha. Na wenye maduka jirani na mashine za mbao au za kusaga, taa zenu zinapofifia mashine ikiwaka, umeme huo huo unaingia kwenye chaja. Nunueni kile kifaa cha kulinda umeme. Betri hata ikiwa dhaifu isitolewe kabisa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika ndipo faili zinapoharibika. Ila betri iliyovimba, itoeni leo. Msiitoboe, msiitupe motoni, msiwape watoto wachezee.

Kikundi kile laptopu yao sasa inawaka kabla mama hajajaza birika maji. Shilingi 820,000 zilizobaki zimerudi kwenye mfuko. Kikao cha kuamua matumizi yake kilikuwa kirefu kuliko cha laptopu: wengine walitaka mbolea, wengine mbegu safi ya Sagitta. Waligawanya. Bawaba ya kushoto bado imelegea, wameifunga kwa waya, na mwenyekiti ameshaniuliza mara mbili kama si wakati wa kununua mpya. Nimemwambia alete bei ya bawaba, na alete pia zile flashi mbili, nizione kama zina kitu ndani.